Kati ya Gavana na Kinshasa: Kazi Yangu ya Kuandika Amri

Barua ya kwanza niliyopewa kuchapa nilipoanza kazi, niliikosea. Haikuwa kosa la herufi. Nilikuwa nimetoka shule ya ukatibu na vidole vyangu vilikuwa vyepesi. Baba yangu, fundi cherehani wa familia yetu ya Waislamu waliotoka Maniema, alikuwa amenipa shauri kwamba binti anayejua mashine hatakosa kazi katika ofisi za Lubumbashi. Nilichofanya ni kuruka mistari sita ya mwanzo. Niliona inajirudia katika kila karatasi, nikadhani ni mapambo.

Mkuu wangu wa kwanza, Papa Kalenga, alikuwa Mkuu wa Ofisi ya Maandishi, yaani mahali ambapo amri zote za gavana ziliandikwa kabla ya kutiwa saini. Alikuwa mzee mwembamba ambaye hakupandisha sauti hata siku moja. Aliiweka karatasi mbele yangu.

"Zaina, mistari ya juu iko wapi?"

"Papa, nilizani ni ya kupamba tu."

Hakucheka. Akavuta kiti, akakaa, akanieleza kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi.

"Gavana eko muntu sawa weye na miye. Akisema bafunge njia, juu ya nini bantu bamusikie? Ile mistari njo inaonyesha nani alimupa nguvu. Ukiiondoa, inabaki tu muntu mwenye kupiga kelele."

Ofisini tuliandika kwa Kifaransa, lakini kati yetu mistari hiyo tuliiita "kwa kuona", kwa sababu kila mmoja ulianza hivyo: kwa kuona Katiba, kwa kuona sheria fulani, kwa kuona uteuzi wa gavana. Baada yake ndipo huja neno "anaamua", na vifungu vya amri yenyewe. Upo pia mstari wa mwisho kabisa, unaowekwa mara chache: kwa kuona dharura. Papa Kalenga aliniambia nisiuweke kamwe kama siwezi kusimama mbele ya mahakama na kueleza dharura hiyo ilikuwa nini.

Siku hizo kazi ilikuwa rahisi kwa namna ya kutisha. Nguvu zote zilitoka mahali pamoja. Gavana aliletwa kutoka Kinshasa, akaondolewa na Kinshasa, na mara nyingine tulisikia habari ya kuondolewa kwake redioni, yeye mwenyewe akiwa bado ndani ofisini. Hatukubishana nani ana haki ya nini. Tuliogopa tu, wote kwa pamoja, na tuliogopea upande mmoja.

Baada ya miaka michache nilipelekwa Kilwa, kando ya ziwa Mweru, kuwa katibu wa ofisi ya serikali. Nilikaa huko misimu miwili ya mvua. Amri iliyoandikwa Lubumbashi ilitufikia ikiwa imelowa, na mara nyingi jambo lenyewe lilikuwa limekwisha kupita. Wavuvi walisoma tangazo la kufunga uvuvi wakati uvuvi umeshafunguliwa. Huko ndiko nilikojifunza kwamba karatasi ina mwendo wake, na kwamba mwendo huo unaweza kumwumiza mtu hata kama maneno yake ni mazuri.

Niliporudi mjini, Papa Kalenga alikuwa amestaafu na mimi nikapanda polepole hadi nikakaa kwenye kiti chake. Kisha ikaja Katiba mpya, na nayo ikaja wasiwasi wa aina nyingine. Sasa gavana alichaguliwa na Bunge la jimbo. Katiba ikaandika orodha tatu, na mimi nilizibandika ukutani mbele ya meza yangu: kifungu cha 202, mambo ya serikali kuu peke yake, cha 203, mambo ya pamoja, cha 204, mambo ya jimbo peke yake. Vijana wanaosoma sheria leo wanazikariri kwa wiki moja. Mimi niliishi nazo hadi mwisho wa kazi na sikuwahi kulala nikiwa na hakika nazo.

Kwa maana orodha ni tatu, lakini mambo ya watu hayaji yakiwa yamegawanywa. Barabara inaanza ikiwa ya taifa, inaingia mtaani ikawa ya jimbo. Katika jengo letu kulikuwa na ofisi zilizomtii gavana na ofisi zilizotii wizara ya Kinshasa, mlango kwa mlango, na wote tulitumia choo kimoja. Gavana alikuwa na kazi ya kuratibu ofisi zile za serikali kuu. Kuratibu si kuamuru. Ugomvi wote niliouona katika maisha yangu ya kazi ulikaa katikati ya maneno hayo mawili.

Halafu jimbo letu la Katanga likakatwa kuwa majimbo manne. Nilishiriki kugawa majalada: hili la Haut-Katanga, lile la Lualaba, hili la Tanganyika, lile la Haut-Lomami. Nilishika kila jalada nikijiuliza nani atalihitaji kesho asilipate. Jimbo letu jipya, Haut-Katanga, lilibaki dogo zaidi mbele ya Kinshasa, na barua zetu, nilivyoona mimi, zilianza kujibiwa kwa kuchelewa zaidi.

Sasa nieleze jambo lililobeba miaka yangu ya mwisho.

Asubuhi moja katika msimu wa mvua, Dokta Mwape, mganga mkuu wa hospitali ya Kilwa, alinipigia simu. Hakuwa na haki ya kunipigia mimi, mwandishi tu. Alipaswa kupitia wakubwa wake. Lakini tulifahamiana kidogo, na alikuwa amekwisha kuwapigia wakubwa wote.

"Mama Zaina, kipindupindu kimetushinda. Serum ya kutundika imeisha. Niko nabakunywesha maji ya chumvi na sukari, lakini bale benye kutapika kikombe hakibasaidie."

"Serum ingine iko wapi?"

"Iko mpakani. Siku ya sita leo. Lori liko pale, liko na makatoni yote, banalikatalia."

Makatoni hayo yalikuwa msaada, yametoka nje kupitia Zambia. Ili yaingie bila ushuru ilihitajika barua ya msamaha kutoka Kinshasa, na aliyepaswa kutia saini alikuwa safarini. Hakuna aliyekataa. Hakuna aliyekuwepo wa kukubali.

Nilipanda ngazi hadi kwa Dirkaba. Ndivyo tunavyomwita mkurugenzi wa ofisi ya gavana, mtu anayepokea kila kitu kabla ya gavana mwenyewe. Huyu alikuwa mtu hodari, msemaji, mwenye haraka. Nilimweleza. Akasema bila kuinua macho:

"Andika amri. Lori lipite."

"Dirkaba, mambo ya mpaka na ushuru iko mu 202. Ni ya serikali kuu peke yake. Hatuna haki."

"Na kipindupindu?"

"Kupigana na magonjwa ya kuambukiza iko mu 204. Ni yetu, kwa kufuata mpango wa taifa."

"Basi andika 204."

"Katoni moja haiwezi kuwa bintu bibili."

"Iko bintu bibili, Mama. Iko dawa, na iko mpakani. Weye utachagua kuangalia gani?"

Nilimwomba anipe maneno hayo kwa maandishi, hata mstari mmoja tu wa kunituma. Aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Bantu banakufa, na weye unatafuta karatasi yangu?" Niliona aibu. Nikatoka bila karatasi hiyo, na nikajua tangu nikiwa kwenye ngazi kwamba nimekosea.

Nilifunga mlango. Niliandika vifungu vitatu. Cha kwanza: makatoni yanawekwa chini ya ulinzi wa afya ya jimbo. Cha pili: ofisi ya forodha inabaki na haki zake zote juu yake, zitamalizwa baadaye. Hivyo viwili ningeweza kuvitetea. Cha tatu ndicho kilichonitoa jasho: ghala la hospitali ya Kilwa linahesabiwa kuwa ghala la muda la forodha. Jimbo haliwezi kuunda ghala la forodha, kama vile mimi siwezi kumteua jaji. Juu nikaweka 204, na chini yake, kwa mara ya kwanza katika kazi yangu, kwa kuona dharura. Gavana alitia saini akiwa amesimama, tayari kwenda mkutanoni. Sijui kama alisoma.

Nilipeleka amri mwenyewe kwa gari la ofisi. Mkaguzi wa zamu mpakani aliitwa Ngoy, mtu wa makamo, mzaliwa wa Lubumbashi kama mimi. Lakini kazi yake ilitoka Kinshasa, na mkubwa wake alikuwa Kinshasa. Alisoma amri mara mbili, akatumia kidole kufuata mistari ya juu, na hapo nikajua anajua kusoma karatasi.

"Mama, hii karatasi ya jimbo. Miye naishi na karatasi ya Kinshasa."

"Najua, Papa Ngoy."

"Hii article ya tatu, hamuna haki nayo."

"Najua."

Nje mvua ilikuwa inapiga mabati, na kupitia dirishani niliona turubai la lori lenye makatoni likiwa limejaa maji katikati.

"Nimebapigia simu kila siku," akasema. "Banasema ningoje. Kama nafungua, banafukuza miye, si weye."

Nilimwambia ukweli tu: kwamba Dokta Mwape anawanywesha watu maji kwa kikombe, na kwamba nilikaa Kilwa na najua umbali wake. Akaniuliza kama nitasafiri na mzigo mpaka ufike. Sikuwa nimefikiria hilo. Nikasema ndiyo. Akasimama, akavaa koti la mvua, akaenda kufungua kizuizi kwa mkono wake, bila kumtuma askari.

Nilipanda mbele, kati ya dereva na msaidizi wake, nikiwa na viatu vya ofisini. Tulifika Kilwa siku ya tatu. Nitalirudia hilo baadaye.

Wiki mbili hazikupita, ikaja barua ya kuomba maelezo. Vijana mjue barua hiyo: ni karatasi ambayo mkubwa anakuuliza kwa nini umefanya jambo fulani, na una saa chache za kujibu, jibu lako ndilo litakalokuhukumu. Wizara ilikuwa imemwandikia gavana, gavana akamwuliza Dirkaba, na Dirkaba akasema mbele yangu, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mama Zaina aliniletea karatasi iliyo tayari. Mimi si mwanasheria."

Nilisimamishwa miezi mitatu. Nilikaa nyumbani kwangu, mtaa wa Bel-Air, na kila gari lililosimama njiani nilidhani limenifuata. Mume wangu alikuwa bado hai. Alinichemshia chai na hakuniuliza kitu. Kuhusu Mkaguzi Ngoy nilisikia tu kwamba alihamishwa mbali, upande mwingine wa nchi, mahali ambapo hata simu ilishika kwa taabu. Niliuliza anwani yake mara moja, nikaambiwa nisiulize tena.

Nilirudi kazini nikiwa mtu mwenye kusoma kila kitu mara tatu. Nilidhani habari imekwisha. Gavana akabadilika, akaja mwingine na watu wake, na mshauri mmoja kati yao, kijana mwenye suti nzuri, akaingia ofisini kwangu na nakala ya amri ya Kilwa mkononi.

"Mama, hii yako ni kazi nzuri sana," akasema. "Nibadilishie tu makatoni, uweke mbao."

Kulikuwa na malori ya mbao nyekundu yaliyozuiwa kutoka, kwa sababu wizara ilikuwa imekataza. Mwenye malori alikuwa rafiki wa mtu. Nikamwuliza dharura ni nini. Akatabasamu kana kwamba nimetania.

"Mama, dharura inaandikwa. Haiulizwe."

Nilikataa. Niliandika maoni yangu ukurasa mmoja na nusu, nikaeleza kwa nini jimbo halina haki, nikayaandikisha kwenye daftari la barua ili yasipotee. Haikusaidia kitu. Mtu mwingine aliandika amri, na ilipotoka nikaisoma: ilikuwa sentensi yangu, nukta kwa nukta, mpaka lile neno "zitamalizwa baadaye". Nilikaa nayo magotini mchana kutwa. Niliona kwamba mlango niliofungua kwa ajili ya wagonjwa haukuwa na namna ya kumtambua anayepita.

Kinshasa waliifuta amri ile ya mbao, na hapo walikuwa na haki. Lakini hawakuishia hapo. Walituma waraka kwa jimbo: hatua yoyote ya dharura inayogusa mpaka ingoje kibali chao kwanza. Gavana alilalamika, akaandika kwamba wanambana. Wao wakajibu kwamba ameonyesha mwenyewe kuwa haaminiki. Barua zilikwenda na kurudi. Mimi ndiye niliyeziandika za upande wetu. Zilikuwa barua nzuri.

Msimu wa mvua uliofuata, Dokta Mwape alipiga tena. Nilitambua namba yake, na kwa sekunde kadhaa sikupokea.

"Mama Zaina, njo ile ile: kipindupindu, na serum iko mpakani."

"Dokta, nimesikia."

"Utaandika?"

Nilimweleza waraka. Nilisema tumekwisha kuomba kibali tangu jana, na kwamba nitapiga Kinshasa kila saa. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Basi minarudia bagonjwa," akakata. Kibali kilikuja. Kilikuja siku ya kumi, kikiwa kimeandikwa vizuri, na mistari yote ya juu ikiwa mahali pake. Dokta hakunilaumu, wala hakunipigia tena.

Nilistaafu baada ya hapo. Kulikuwa na hotuba fupi na picha ya pamoja. Vijana wa ofisi wanaokuja kunitembelea huniuliza nani alikuwa na haki, jimbo au Kinshasa, na wanataka nichague kwa sababu mimi ni mtoto wa hapa. Siwezi. Nimeona Kinshasa ikichelewesha dawa kwa sababu mtu mmoja hakuwepo mezani. Nimeona jimbo likichukua neno dharura na kulipakia mbao. Nikifikiria nguvu yote ikirudi kule, naogopa kama tulivyoogopa zamani. Nikifikiria yote ikibaki hapa, namkumbuka yule kijana wa suti. Huwaambia tu kwamba wasome orodha zote tatu hata kama wamezikariri, na kwamba atakayewatuma jambo zito awape mstari wa maandishi, hata kama wataona aibu kuuomba. Hawaridhiki na jibu hilo. Mimi pia siridhiki nalo.

Mwaka huu, msikitini, mwanamke mmoja alinitajia jirani yao wa mtaa wa Hewa Bora, mzee aliyefanya kazi mpakani zamani, aliyerudi kutoka mbali akiwa mgonjwa wa miguu. Niliuliza jina. Usiku ule sikula, na wiki nzima nilitafuta sababu ya kutokwenda. Alhamisi nikaenda.

Papa Ngoy alikuwa amekaa uani, miguu ameiweka juu ya kigoda. Alinitambua kabla sijasema jina langu. Mke wake, Mama Astride, akaleta kiti na kurudi jikoni. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba msamaha njia nzima, nikayasema vibaya, kwa kugugumia. Aliyaacha yaishe.

"Kule bamenitupa miaka mingi," akasema. "Batoto bamekomaa bila miye. Nimerudia, bananiita monsieur, sawa mugeni."

"Papa, nisamehe."

"Si ile njo inaniuma." Alihamisha mguu mmoja kwa mikono miwili. "Siku balinihukumu, balisema serum haikufika. Balisema iliuzishwa mu soko, na miye nilikula mule. Balisema vile mbele ya bantu. Miye sikuwa na kintu ya kujibu, sababu sikuona. Nilifungua barrière, lori ikaenda, basi. Miaka yote najiuliza kama nilitupwa kule juu ya bwizi ya bengine."

Katika hofu zangu zote za miaka ile sikuwahi kufikiria kwamba hakuna mtu aliyemwambia.

"Ilifika, Papa Ngoy," nikasema. "Miye nilikuwa mu lori. Ilifika yote."

Alinikazia macho. Kisha akageuza kichwa kuelekea jikoni na kuita, si kwa sauti kubwa:

"Mama Astride. Acha ile sufuria. Kuja usikie."

Mama Astride akatoka akijifuta mikono kwenye kitenge, akasimama nyuma ya kiti cha mumewe.

"Anza kule mpakani," Papa Ngoy akaniambia. "Polepole. Usiruke kintu."

Nikaanza. Niliwaambia jinsi tulivyokwama kwenye matope mara mbili siku ya kwanza, na jinsi wanaume wa kijiji walivyoshusha makatoni na kuyabeba kichwani ili lori lipande mlima, wakayarudisha, na mimi nikihesabu kila moja. Niliwaambia jinsi tulivyoingia Kilwa asubuhi ya siku ya tatu, na Dokta Mwape akatoka mlangoni mwa hospitali akiwa na bomba la kutundikia serum tayari mkononi, hakusalimu mtu, akapasua katoni ya kwanza pale pale chini. Niliwaambia kuhusu mama mmoja aliyekuwa amelala kwenye mkeka wa kwanza, macho yake yamegeuka, na jinsi ilipofika jioni alikaa kitako akaomba uji.

"Uji?" akauliza Mama Astride.

"Uji. Na akasema hauna sukari ya kutosha."

Papa Ngoy alifunika uso kwa kiganja, na mke wake akaweka mkono begani mwake. Baadaye, bila kuondoa kiganja, akaniomba nirudie tena, kutoka pale Dokta alipotoka mlangoni.